Mbwa mkubwa amehamia kwetu, hali vizuri wala habweki: tumrudishe?

Swali: Shikamoo daktari. Tunaishi Goba, Dar es Salaam, nyumba ina ukuta na geti. Tuna watoto wawili, wa miaka mitano na tisa, dada wa kazi, na kuku kama kumi. Siku tano zilizopita tulichukua mbwa dume wa miaka minne kutoka kwa familia ya Waholanzi waliokuwa wakiishi Masaki, ambao mkataba wao wa kazi uliisha wakarudi kwao. Anaitwa Max, watoto wanataka tumwite Simba. Ana kitabu cha chanjo, na ya kichaa cha mbwa alichomwa Machi mwaka huu. Tulimtaka kwa ajili ya ulinzi. Tangu afike anajificha nyuma ya simtank, ugali na dagaa tunaompa anaugusa kidogo tu, usiku analialia badala ya kubweka, na juzi mtoto mdogo alipotaka kusogeza bakuli lake alimngurumia. Mume wangu alimchapa ndala. Tangu hapo akimwona tu anajikojolea. Jirani anasema tumfunge mnyororo mchana na kumfungulia usiku ili awe mkali. Mume wangu yeye anasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: mwisho wa mwezi ukifika hajabweka, tumtafutie pa kumpeleka. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Kwa ulivyoeleza, Max anafanya yaleyale wanayofanya mbwa wengi wa umri wake wakihamishwa nyumba. Mwombe shemeji aliweke lile jembe pembeni kwa muda. Mgeni wa kibinadamu anajua amekuja kwa nani na ataondoka lini. Max hajui lolote kati ya hayo. Aliona watu wake wakifunga maboksi, akapakiwa kwenye gari, akashushwa mahali penye harufu nyingine, chakula kingine, sauti za watoto asiowajua, na watu wanaozungumza lugha ambayo pengine hajawahi kuelekezwa kwayo. Kujificha nyuma ya simtank ni jambo la busara kabisa kwa mnyama aliye katika hali hiyo. Amepata mahali ambapo mgongo wake umekingwa na macho yake yanaona uwanja wote.

Wanaolea mbwa waliookolewa hutumia makadirio ya tatu tatu: siku tatu za kwanza za mshtuko, wiki tatu za kujifunza ratiba ya nyumba, miezi mitatu hadi aanze kuiona nyumba ni yake. Usiyachukue kama kalenda. Nimeona mbwa aliyetulia ndani ya wiki moja, na wengine waliochukua nusu mwaka, hasa waliokuwa wamepigwa. Ila yanasaidia kwa jambo moja: yanakuonyesha kwamba siku ya tano bado ni mapema mno kumhukumu, kwa ubaya au kwa uzuri. Hata yule anayeonekana mpole kupita kiasi siku ya tano, mara nyingi ni kwamba ameganda kwa hofu, na tabia yake halisi utaiona baadaye.

Kabla ya tabia, tuhakikishe si mgonjwa, kwa sababu mbwa anayejificha na kukataa chakula anaweza pia kuwa na homa. Jioni akiwa ametulia, mtu anayemwogopa kidogo kuliko wengine (nadhani ni wewe au dada wa kazi) amfunue mdomo wa juu taratibu na kuangalia fizi. Akikataa kuguswa, msimlazimishe, mwachieni daktari. Fizi ziwe za rangi ya waridi na zenye unyevu. Zikiwa nyeupe, za njano, au zina vidoadoa vya damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Joto la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, kwa hiyo pua ya moto au masikio ya moto peke yake hayakuambii kitu. Angalia kama anakunywa maji: mbwa wa kilo 25 kwa joto la Dar anatakiwa amalize zaidi ya lita moja kwa siku. Kutokula vizuri siku mbili tatu huku anakunywa, anakwenda haja na macho yako angavu, ninalivumilia. Kutapika, kuharisha damu, kutokwa damu puani, au kutokunywa siku nzima, silivumilii.

Damu puani nimeitaja makusudi. Kupe wa mbwa hapa pwani wanaambukiza erlikia na babesia, magonjwa ambayo watu huyaita kwa pamoja homa ya kupe, na nimeona mbwa wengi wakifa nayo kwa sababu mwenye mbwa alidhani ni uchovu. Max ametoka Masaki, na huenda alikuwa akipewa kidonge cha kutafuna cha kuzuia kupe kila mwezi au kila miezi mitatu. Waulize wenyewe wa zamani kwa WhatsApp walimpa lini mara ya mwisho, maana kinga hiyo itaisha, na Goba kuna mbuzi na ng'ombe wanaopita na majani marefu kwenye viwanja visivyojengwa. Tafadhali msimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe mliyokadiria kwa kifuniko. Vipimo vyake ni vya ng'ombe, mbwa anajilamba, na ngozi yake haihimili. Na kama siku moja atatoka upele, msimpake dizeli wala oili chafu ya gari. Bado napokea mbwa waliopakwa, na huwa natibu sumu kwanza kabla sijaufikia upele.

Ukiwa unazungumza na hao Waholanzi, usiishie kwenye kupe. Uliza alikuwa akila nini na saa ngapi, alilala wapi, anaogopa nini, na walimwambia maneno gani alipotakiwa kukaa, kuja au kuacha kitu. Inawezekana anajua "sit" na "come" vizuri sana na nyinyi mnamwambia "kaa" na "njoo" mnaona mkaidi. Tumieni maneno anayoyajua kwa wiki kadhaa, huku mkitanguliza la Kiswahili: "kaa", halafu neno lake la zamani, akikaa mnampa kipande cha nyama. Baada ya muda la Kiswahili litatosha. Jina nalo ni hivyohivyo. Watoto wakitaka Simba, aitwe "Simba Max" kwanza, kisha Max lidondoke lenyewe. Mbwa hana kinyongo na jina, mradi kila likitajwa lifuatwe na jambo zuri. Lisitumike kumkaripia.

Sasa chakula. Nina karibu hakika Max hajawahi kuona ugali. Mbwa wengi wa familia za namna ile wanakula punje za dukani, na tumbo lililozoea punje kwa miaka minne haligeuki kwa siku moja. Nunueni mfuko mdogo wa chakula alichozoea, hata kama bei inauma, mchanganye: siku mbili tatu za kwanza robo tatu iwe punje na robo chakula chenu, kisha nusu kwa nusu, mpaka baada ya siku saba hadi kumi mfike mnakotaka. Mpe mara mbili, asubuhi na jioni, saa zilezile. Weka bakuli karibu na simtank yake, ondokeni, na baada ya dakika ishirini liondolewe hata kama hajamaliza. Msimbembeleze kwa kumkalia mbele. Mbwa mwenye hofu akitazamwa anapokula anaacha kula.

Ugali kwa mbwa si dhambi. Mbwa wa nchi hii wamekula ugali vizazi na vizazi na wanaweza kumeng'enya wanga ulioivishwa vizuri. Shida ni kwamba watu wengi wanampa wanga mtupu na harufu ya dagaa. Theluthi moja ya sufuria hivi iwe kitu cha nyama: dagaa waliooshwa mchanga, mapupu, utumbo, vichwa na miguu ya kuku iliyochemshwa hadi nyama itoke kwenye mfupa, mayai yakiwa mengi bandani. Mboga kidogo, karoti au boga. Bila chumvi, bila kitunguu, kwani kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na ndiyo maana mabaki ya pilau na rosti hayamfai ingawa anayapenda. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, hupasuka vipande vyenye ncha. Chokoleti, zabibu, na bazoka zisizo na sukari za watoto, hapana. Na akichechemea, asipewe parasetamoli wala diklofenaki ya baba.

Kuna kitu kimoja cha chakula ambacho nakipigia kelele kila mahali: pumba na unga wa bei ya chini unaouzwa mashineni "kwa ajili ya mbwa". Mara nyingi ni mahindi yaliyolowa yakaota ukungu, au yaliyofagiwa sakafuni. Ukungu ule hutoa sumukuvu, sumu ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo kwa urahisi zaidi. Inaharibu ini, mbwa anaanza kukataa chakula, anakuwa wa njano, anatapika damu, na watu wanasema amelishwa sumu na wezi. Kupika hakuiondoi. Kama unga ungeukataa kwa ugali wa watoto, usimpikie mbwa.

Nije kwenye mngurumo, maana najua ndio uliowatisha. Mbwa ana njia nyingi za kusema "nipishe" kabla hajanguruma. Hugeuza kichwa, hulamba midomo wakati hakuna chakula, hupiga miayo bila kuwa na usingizi, hukakamaa mwili, huonyesha weupe wa jicho pembeni. Mtoto wa miaka mitano haoni hata kimoja kati ya hivyo, na watu wazima wengi pia hawaoni. Mngurumo ndio sauti ya mwisho kabla ya meno. Max alikuwa na nafasi ya kuuma na hakuuma, alionya. Ukimchapa kwa kuonya, unamfundisha kwamba kuonya kunaleta ndala, na safari ijayo anaweza kuruka hatua hiyo. Mbwa ambao watu huniambia "ameuma bila hata kunguruma" mara nyingi waliwahi kuadhibiwa kwa kunguruma.

Kwa hiyo sheria ya nyumba, kuanzia leo: bakuli la Max linaguswa na mtu mzima mmoja tu, na watoto wasifike upande wa simtank kabisa. Hapo ni chumbani kwake. Wafundishe watoto mambo matatu kama unavyowafundisha kuvuka barabara: hatumfuati akila, hatumfuati akilala, hatumkumbatii. Wakitaka urafiki, wakae chini kwenye baraza na mtu mzima, wamwite mara moja, waache. Akija mwenyewe, wamkune kifuani au ubavuni kwa muda mfupi, waache mkono, akisogea tena, waendelee, akiondoka, aende. Mtoto wa miaka tisa ataelewa haraka na ataanza kumsimamia mdogo wake. Wa miaka mitano asiachwe peke yake na mbwa, hata baada ya mwaka, hata kama ni mpole namna gani.

Wakati huohuo mwondoleeni Max sababu ya kulinda bakuli. Yule mtu mzima mmoja, akipita umbali wa hatua tatu nne wakati Max anakula, amtupie kipande cha ini la kuku na aendelee na safari yake. Asisimame, asiongee. Baada ya siku kadhaa utaona Max anainua kichwa na mkia unalegea mtu akipita, kwa kuwa amejifunza kwamba anayepita huongeza chakula. Ndipo umbali upunguzwe kidogo kidogo.

Kuhusu shemeji, naomba umsomee aya hii bila kumsuta, kwani alichofanya kilitokana na kumlinda mwanawe. Max kujikojolea anapomwona ni hofu na unyenyekevu. Kwa lugha ya mbwa anasema "sina ugomvi na wewe". Akikaripiwa kwa hilo, atakojoa zaidi. Dawa yake ni ndogo lakini inataka uvumilivu. Kila jioni akirudi kazini, abadili viatu (ndala zile ziwekwe mbali, mbwa hukumbuka kitu kilichompiga), akae kwenye kigoda ameelekeza ubavu upande wa Max, asimtazame machoni, asimnyooshee mkono juu ya kichwa. Ashike simu yake asome habari, na kila dakika moja hivi arushe kipande cha nyama upande wa Max bila kusema neno. Robo saa inatosha. Siku za kwanza Max atasubiri aondoke ndipo ale. Kisha atakula akiwepo. Kisha atasogea. Siku Max akimnusa goti, asimshike. Aendelee kusoma. Na mlo wa jioni, baada ya wiki ya pili, uwe unatolewa na shemeji. Wanaume wengi waliokuja kwangu na malalamiko kama haya ndio waliokuja kuandamana na mbwa kila mahali.

Dada wa kazi umemtaja kwa neno moja tu, lakini kwa saa za mchana yeye ndiye mwenye mbwa. Kama anaogopa mbwa, na wengi wanaogopa kwa sababu za haki kabisa, msimlazimishe kumlisha. Akimpungia fagio ili apite kwenda kuanika nguo, kazi yote ya jioni inafutika. Kaeni naye mkubaliane: nani analisha, geti linafunguliwaje, akimkuta njiani afanye nini (asimame, asikimbie, asimtazame, apite kwa mbali). Nyumba ambayo baba anampiga mbwa, mama anambembeleza, dada anamfukuza na watoto wanamvuta mkia inamfanya mbwa asiyeweza kutabiri lolote, na mnyama asiyeweza kutabiri hubaki mwoga au huwa mkali ovyo.

Mnyororo hapana. Mbwa aliyefungwa mahali pamoja hana pa kukimbilia, kwa hiyo kinachombakia ni meno, na wa kwanza kuingia kwenye duara lake huwa ni mtoto anayefuata mpira. Shingo hupata vidonda, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama. Ule ushauri mwingine unaoendana na huo, wa kumlisha pilipili, bangi au kumfungia gizani ili awe mkali, sijui nani aliuanzisha. Unapata mbwa mwenye tumbo bovu na akili iliyovurugika, anayemwuma mpangaji wenu na kumkimbia mwizi.

Ulinzi unakuja hivi. Mbwa hubweka kwa kitu kilichotoka nje ya mazoea. Kwa sasa Max hana mazoea yoyote ya Goba: bodaboda ya jirani saa kumi na moja, adhana, muuza maziwa anayegonga geti, jenereta, muziki wa kigodoro Jumamosi, vyote kwake ni vigeni sawasawa, kwa hiyo hana cha kutofautisha. Baada ya wiki kadhaa atajua geti lenu linalia namna gani akiingia shemeji, na siku likilia tofauti atanyanyuka. Mara ya kwanza akibweka usiku, msimkemee anyamaze. Toka, au washa taa ya nje, tazama alichokitazama, mwambie kwa sauti ya chini "vizuri", rudi ndani. Akiona kazi yake inasikilizwa ataifanya. Naye awe anawaona watu wa nyumbani mchana, maana mbwa anayefungiwa bandani tangu asubuhi na kufunguliwa usiku tu hajui nani wa kwake na nani mgeni.

Kulialia usiku kunatokana na kulala peke yake kwa mara ya kwanza. Sidhani kama mnataka alale sebuleni, na silazimishi. Mtandikieni barazani karibu na mlango wa jikoni au chini ya dirisha la chumba chenu, mahali anaposikia watu wakikohoa na kugeuka. Kama wageni wale waliacha blanketi au godoro lake, lisifuliwe kwa sasa. Harufu ile ndiyo kitu pekee anachokijua katika uwanja mzima. Banda lijengwe kivulini, chini ya mwembe au mwarobaini kama mnao, na kama ni la mabati liwe na nafasi ya hewa kati ya bati na dari. Bati tupu kwa jua la Dar la mwezi wa kwanza ni tanuri.

Geti. Mbwa wengi waliohamishwa ninaoitiwa kuwatafuta hupotea ndani ya mwezi wao wa kwanza kwenye nyumba mpya, kwa geti dogo lililoachwa wazi kidogo wakati wa kupokea gesi au maji. Wengine hujaribu kurudi walikotoka. Mvalishe mkanda wa shingoni wenye namba yako ya simu leo hii, na kila geti kubwa likifunguliwa kwa gari awe ameshikwa kwa kamba au yuko nyuma ya mlango mwingine. Waulize pia kama ana chipu chini ya ngozi. Mbwa wa wageni wengi huwa nayo, na namba ya mwenye mbwa inahitaji kubadilishwa. Matembezi ya nje yasubiri mpaka aje kwako ukimwita uwanjani. Yakianza, yawe mafupi, asubuhi na mapema kabla lami haijachemka.

Huenda baadhi ya majirani zenu ni Waislamu. Katika madhehebu ya Shafii ambayo yanafuatwa sana pwani, mate ya mbwa yakigusa nguo au chombo ni lazima kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtu aliyevaa kanzu akielekea msikitini akirukiwa na Max, hata kwa furaha, mmempa kazi kubwa. Kamba iwe fupi, vukeni upande wa pili, salimieni kwa mbali. Nimeona ugomvi wa mtaa mzima ulioanzia hapo na ungezuiwa na hatua tano za kupisha. Kuwaambia mapema kwamba mna mbwa mpya na geti litafungwa ni adabu nzuri.

Kuku: wabaki bandani wiki hizi. Max huenda hajawahi kuona kuku akikimbia, na kinachokimbia hufukuzwa. Mpitishe kwa mbali akiwa kwenye kamba, akitazama kisha akakutazama wewe mpe nyama, rudini. Umbali upungue wiki baada ya wiki. Kuwaacha pamoja bila mtu, mimi nisingefanya kabla ya miezi kadhaa, na kuna mbwa ambao huwezi kuwaamini na kuku maisha yao yote.

Kwa wasomaji wengine waliochukua mbwa wa mtaani asiye na karatasi: msichukulie kila mbwa anayejificha kama Max. Kichaa cha mbwa nacho kinaweza kuanza kwa kujitenga na kukataa chakula, kisha sauti hubadilika, mate hutiririka, anashindwa kumeza. Usimtie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Mtenge nyuma ya mlango, mwite daktari wa mifugo. Aliyeumwa au kukwaruzwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo, na mbwa asiuawe kama anaweza kufungiwa salama, achunguzwe siku 10. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Max ana chanjo ya Machi, irudiwe Machi ijayo. Na mwangalie kwenye kitabu chake kama kurasa za parvo na distempa, magonjwa mengine ya mbwa yenye chanjo, nazo zimejazwa.

Kuhasi, kama hajahasiwa, ninaafiki, lakini subirini hadi atulie, mwezi wa pili au wa tatu tangu aje kwenu. Kumtoa kwenye nyumba mpya na kumlaza kwenye meza ya upasuaji wiki hii ni kumwongezea mshtuko juu ya mshtuko.

Hilo la mwisho wa mwezi mwambie shemeji asogeze mbele hadi itimie miezi mitatu tangu Max aje, na kigezo kisiwe kubweka. Tazameni haya: anatoka nyuma ya simtank mwenyewe? Anakula mbele ya watu? Mkia unalegea mtu wa nyumbani akiingia? Mngurumo unapungua au unaongezeka? Mambo yatakayonifanya nikubaliane naye mapema ni mawili. Moja, akimwuma mtoto hadi kutoboa ngozi bila kuchokozwa. La pili, mngurumo ukizidi kwa watoto baada ya wiki nne tano za kufuata haya, au watu wa nyumbani wakiishi kwa hofu uwanjani kwao. Hapo nipigieni kwanza au mwoneni daktari wenu, kwa sababu maumivu ya sikio, jino au nyonga hufanya mbwa mpole kuwa mkali, na yanatibika. Kama kweli hawezi kukaa na watoto wadogo, waandikieni wale wa Masaki kabla ya mtu mwingine yeyote. Mara nyingi huwa wamebakiza rafiki Dar asiye na watoto. Aende na kitabu chake cha chanjo, blanketi lake, na maelezo ya kweli ya kilichotokea, pamoja na ile ndala.